Mhariri, tuandikieni ni kijiko gani cha chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikera na kunitisha kwa muda sasa. Ni kuhusu chumvi, na namna magazeti yetu yanavyoandika kipimo chake.

Mimi ni muuza chumvi hapa Bagamoyo. Meza yangu ya sokoni ina miaka 22. Nauza chumvi ya mawe kwa wanaokausha samaki, na chumvi laini ya pakiti, ile yenye madini joto, kwa watu wa majumbani. Marehemu baba yangu alifanya kazi katika mashamba ya chumvi ya Nunge mpaka mgongo ulipomkatalia. Utotoni nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nakaa ukingoni mwa jaruba, kile kidimbwi cha kukaushia maji ya bahari, kumsubiri amalize kula nirudi na sufuria. Shule niliishia darasa la saba. Lakini chumvi nimeishika kwa mikono hii karibu kila siku ya maisha yangu, na mengi ya haya ninayoandika nimeyapima mwenyewe.

Kila mara nasoma kwenye kurasa za afya na za mapishi: "weka kijiko cha chumvi". Basi, imekwisha. Kijiko gani? Cha chai au cha kulia wali? Kimefutwa juu au kina kilima? Na chumvi ipi, ya mawe au laini? Kwenye mchuzi makosa hayo yana dawa: utaongeza tui, utaongeza ndimu, au wenye nyumba watakula wakinung'unika. Kwenye maji ya mtoto anayeharisha hakuna cha kunung'unika. Mtoto hasemi.

Masika ya mwaka jana mjukuu wangu, wakati huo ana miezi 14, aliamka usiku anaharisha. Mvua ilikuwa inamwagika, njia yetu imekuwa mto, na zahanati ilikuwa haifunguliwi mpaka asubuhi. Mkwe wangu, mama wa mtoto, ana kawaida ya kutunza vipande vya gazeti vyenye mambo ya afya. Ukutani jikoni alikuwa amebandika kimoja kilichokuja kimefungia vitumbua. Kilichanika juu, hata jina la gazeti halikuwepo, kwa hiyo sisemi ni lenu wala ni la nani. Kiliandika lita moja ya maji, kijiko cha chumvi, na sukari kiasi.

Akafanya kama alivyosoma. Alichemsha maji, akayapoza, akapima lita kwa chupa, akachukua kijiko kilichokuwa karibu, na hicho ni kijiko cha kulia. Akachota chumvi laini kutoka kwenye kopo kama tunavyochota sote, na kilima chake juu. Akakoroga. Maji yakawa meupe kama yalivyokuwa. Akamnywesha.

Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nikasikia mtoto anapiga kelele zisizo za maumivu ya tumbo. Nilipofika nikachukua kikombe nikaonja, kwa sababu mimi chochote chenye chumvi lazima nionje. Ndugu Mhariri, yalikuwa maji ya bahari. Sisemi kwa kutia chumvi. Asubuhi yake nilichota kijiko kilekile, kwa kilima kilekile, nikakiweka kwenye mizani ya mwanangu anayeuza viungo, ikasoma gramu 28. Bahari yenyewe ina chumvi ya takribani gramu 35 katika kila lita. Mkwe wangu, binti mwangalifu, msafi, mwenye mapenzi na mwanawe, alikuwa amemtengenezea bahari kwa kufuata karatasi.

Nikamwaga. Nikatengeneza mengine kwa namna niliyofundishwa na muuguzi miaka mingi nyuma: maji safi lita 1, chumvi nusu ya kijiko cha chai kilichofutwa juu kwa mgongo wa kisu, sukari vijiko 6 vya chai vilivyofutwa vivyo hivyo. Nikaonja tena. Kanuni yake ni kwamba yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto akanywa kidogokidogo kwa kijiko usiku kucha, na ziwa la mama akaendelea kunyonya. Kulipokucha tukampeleka zahanati akapewa pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, na vidonge vya zinki. Sasa anakimbiza kuku uani.

Mkwe wangu alilia siku ile kuliko mtoto. Alikuwa anasema ameshika kisu bila kujua. Mimi nilimwambia kosa si lake, na ndiyo sababu ya barua hii.

Watu wengi hawajui kwamba maji hayakuonyi. Unga ukizidi kwenye uji, utauona mwiko unakwama. Majani ya chai yakizidi, rangi itasema. Rangi ya bizari itasema. Chumvi ikishaingia kwenye maji imekwenda. Haina rangi, haina harufu, haiachi mashapo. Maji ya kawaida humeza chumvi mpaka takribani gramu 360 katika lita moja ndipo yanaanza kuikataa na kuiacha chini ya chombo. Mtoto anahitaji gramu 3 hivi. Fikiria umbali huo: unaweza kukosea mara mia na maji yakabaki yanang'aa vilevile kwenye glasi. Na usidhani maji ya moto yatakusaidia kutambua. Sukari hupenda sana maji ya moto, chumvi haijali. Hata yakichemka hayafiki gramu 400 kwa lita.

Baba alikuwa na kipimo chake cha yai. Maji ya bamvua yakishaingizwa kwenye majaruba ya kwanza, yanakaa juani, yanahamishwa jaruba hadi jaruba yakizidi kukolea, na baba alikuwa akitia yai bichi kuona yamefika wapi. Likizama, bado. Likielea, yameanza kuwa maji ya kazi. Nikiwa mdogo nilidhani yai lile linapima chumvi yoyote. Nilipokua nikajaribu nyumbani, nikaona lina ukomo: yai bichi linazama kwenye maji ya kisima, na linazama vilevile kwenye maji ya bahari. Linataka chumvi ya zaidi ya gramu 100 kwa lita ndipo linyanyuke. Kwa hiyo hata yai la baba lisingemwokoa mjukuu wangu. Maji yaliyo salama kwake na maji ambayo yangemdhuru, yai lingezama ndani ya yote mawili.

Nikirudi kwenye kijiko. Baada ya usiku ule sikutulia, nikaamua kupima. Mizani ndogo haiaminiki kwa kijiko kimoja, kwa hiyo nilichota vijiko 50 kila mara nikapima kwa jumla, kisha nikagawanya. Kijiko cha chai cha mililita 5, chumvi laini, kimefutwa kwa kisu: gramu 6. Kijiko hichohicho na chumvi hiyohiyo, lakini kwa kilima: gramu 11. Kijiko hichohicho kimefutwa, lakini chumvi ya mawe iliyopondwapondwa kwenye kinu: gramu 4 na nusu hivi, na kila nikirudia inabadilika kwa sababu punje hazikai sawa. Kisha nikapita kwa majirani watano nikaazima kijiko cha chai kila nyumba. Vyote vinaitwa kijiko cha chai. Kidogo kuliko vyote kilibeba gramu 4 za chumvi laini, kikubwa kuliko vyote gramu 7, na vyote nilivifuta.

Kwa hiyo gazeti likiandika "kijiko cha chumvi", nyumba moja itaweka gramu 4, ya pili 11, ya tatu 28, na wote watatu watasema wamefuata gazeti.

Binti yangu wa kidato cha nne ndiye aliyenifafanulia kwa nini. Alisema jiwe la chumvi lisilo na uwazi ndani, la ukubwa wa kijiko cha chai, lingekuwa na karibu gramu 11. Kijiko kilichofutwa cha chumvi laini kina 6 tu. Kilichobaki ni hewa iliyo katikati ya punje. Karibu nusu ya kijiko ni hewa! Punje zikiwa kubwa hewa inazidi, ukigonga kijiko mezani hewa inatoka na chumvi inashuka. Nilicheka kwa furaha aliponieleza, maana sisi wauzaji tunaijua hiyo tangu zamani bila kujua sababu yake. Bibi yangu alinunua chumvi kwa pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na ugomvi wa sokoni ulikuwa huohuo: muuzaji anamimina polepole, mnunuzi anakitikisa kibaba ili kishuke. Kibaba kinapima nafasi. Frasila inapima uzito, na juu ya frasila watu hawakugombana hivyo. Leo tunagombania lumbesa, na ni ugomvi uleule wa kibaba kilichorefushwa kichwa.

Kuna na jambo la unyevu. Masika hapa pwani hewa imejaa maji, na chumvi hunywa hewa hiyo. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75, chumvi huanza kulia: gunia linatoa jasho, chini panakuwa na dimbwi. Chumvi isiyosafishwa vizuri ndiyo hulia zaidi, ile iliyobaki na maji machungu ya mwisho wa jaruba ambayo baba alikuwa anayafungulia yaende zake kabla ya kukokota chumvi. Wateja hunilaumu kwamba kilo ya masika haifiki kilo ikikauka. Ni kweli, sehemu yake ni maji. Na kijiko cha chumvi iliyolowa kinashikana na kujenga kilima kirefu kuliko cha chumvi kavu. Kuharisha nako huja masika. Naomba muyaweke mambo hayo mawili pamoja mnapoandika.

Sasa kuhusu kinachotokea mwilini. Nitaeleza kwa samaki, maana samaki ndio niliowaona.

Mimi hutengeneza ng'onda. Nachukua nguru, nampasua mgongoni, namfungua kama kitabu, naosha damu, kisha nampaka chumvi ya mawe nene kila mahali. Chumvi hiyo ni kavu, na beseni ni kavu. Ukirudi baada ya saa moja utakuta beseni lina maji. Hakuna aliyetia maji. Yametoka ndani ya nyama ya samaki, chumvi imeyaita. Kesho yake nyama imekaza, imepungua, ukiibonyeza hairudi. Chumvi ikiwa nje nyingi kuliko ndani, maji ya ndani huifuata, na hayaulizi kama ni samaki aliyekufa au ni utumbo wa mtoto aliye hai.

Muuguzi alinieleza kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Dripu ya maji ya chumvi wanayotundika hospitali ina gramu 9 kwa lita, kwa sababu hiyo ndiyo inayolingana na damu. Ukimnywesha mtoto maji yenye chumvi kuzidi hapo, badala ya maji kuingia mwilini yanatoka mwilini kuingia tumboni, na kuharisha kunazidi. Chumvi inayofanikiwa kuingia kwenye damu inavuta maji kutoka kwenye seli, hata za ubongo, na mtoto anaweza kupata degedege. Mama akiona mtoto ana kiu zaidi anamwongezea yaleyale.

Na sukari si ya kumbembeleza mtoto anywe, kama nilivyodhani miaka yote. Utumbo unaoharisha bado una mlango mmoja unaofanya kazi, na mlango huo unapitisha chumvi na sukari ya glukosi kwa pamoja. Zikipita, maji yanafuata nyuma. Chumvi peke yake mlango huo haiupiti. Sukari ikizidi nayo inaita maji tumboni kama chumvi. Kwa hiyo "sukari kiasi" ni neno baya sawasawa na "kijiko cha chumvi". Kiasi cha nani?

Ndiyo maana pakiti ya ORS imepimwa kwa gramu. Hiyo inayotumika sasa, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuihimiza mwaka 2002, ina chumvi gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati ya sodiamu 2.9, jumla gramu 20.5 kwa lita moja. Ya zamani ilikuwa na chumvi gramu 3.5. Wataalamu walikaa wakapunguza chini ya gramu moja ya chumvi, wakaona tofauti kwa watoto! Nami naona mkwe wangu alikosea kwa gramu 25.

Tena wapo waliookoa watu kwa kupima tu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walimiminika India na kipindupindu kikazuka kambini Bangaon. Dripu zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakapima kwa uzito glukosi gramu 22, chumvi 3.5 na baikaboneti ya sodiamu 2.5 kwa kila lita, wakafunga kwenye mifuko, ikachanganywa na maji, na ndugu za wagonjwa wenyewe wakawa wananywesha. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Binti yangu aliponisomea habari hiyo nilimwambia arudie pale penye kupima. Ndugu wa wagonjwa waliweza kunywesha bila kusomea udaktari kwa sababu aliyepima alikuwa ameshapima.

Kwetu kipindupindu si hadithi. Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam kikaenea mikoani, na wakati kama huo ndipo magazeti yanapoandika sana habari za maji ya chumvi na sukari. Ndipo pia watu wanapokata vipande na kubandika ukutani.

Na lita nayo muiseme. Chupa ya maji ya kununua iko ya nusu lita na ya lita moja na nusu, na gizani zinachanganyika. Anayeweka nusu kijiko kwenye nusu lita amezidisha mara mbili. Semeni hivi: chupa mbili za nusu lita. Watu wataelewa.

Kuna jambo moja la baba ambalo halihusiani na mtoto lakini nalipenda, naomba unisamehe kulitia hapa. Mvua ya ghafla ikinyesha juu ya jaruba lililokolea, mgeni atadhani kazi yote imeharibika, maji yamechanganyika. Baba hakuwa na haraka hiyo. Alikuwa anaomba upepo tu usivume. Maji ya mvua ni mepesi, yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mkeka, hayachanganyiki yakiachwa yatulie. Basi walikuwa wanafungua kidogo juu ya mlango wa jaruba, tabaka la mvua linatoka, la chumvi linabaki chini. Nilitia kidole. Juu maji ya mvua, na nikizamisha kidole mpaka kwenye fundo, chumvi kali. Sentimita chache tu. Nilijifunza siku ile kwamba maji yanayoonekana mamoja yanaweza kuwa mawili, na kwamba jicho halitakwambia. Hata kikombe cha mtoto: chumvi isipokorogwa vizuri inalala chini, wa kwanza kunywa anapata maji matupu na wa mwisho anapata chumvi yote.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri. Mnapoandika maji ya mtoto anayeharisha, anzeni na pakiti ya ORS na zahanati, maana maji ya nyumbani hayana potasiamu iliyomo kwenye pakiti, ni ya kushikia usiku upite. Kisha, kwa ambaye usiku haujapita, andikeni hivi bila kupunguza hata neno: maji safi lita 1, yaani chupa mbili za nusu lita, chumvi laini, nusu ya kijiko cha chai kilichofutwa juu, takribani gramu 3, sukari vijiko 6 vya chai vilivyofutwa juu, onja kwanza wewe, yakizidi machozi mwaga. Pichani wekeni kijiko kilichofutwa kando ya chenye kilima, na mkipige msalaba hicho cha kilima. Picha hiyo moja itafika mahali ambapo maneno hayafiki, hasa kwa bibi kama mimi ambao macho yanaanza kuchoka.

Na wa mapishi nao wajitahidi. Mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na hiyo haifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichofutwa, ikiwa ndani yake na mkate wa asubuhi na dagaa wa jioni. Wakiandika "chumvi vijiko viwili" kwenye sufuria ya watu wanne wajue wameandika nini. Mimi nauza chumvi, nikizungumza hivi nazungumza juu ya riziki yangu, lakini mteja aliye hai na figo zake nzima ndiye atakayerudi kununua.

Mwishoni mwa wiki hii nimeanza kufanya jambo dogo mezani kwangu. Anayenunua pakiti ya chumvi na ana mtoto mchanga, namwonyesha kufuta kijiko kwa kisu. Inachukua dakika moja. Wengine wanasema wanajua, kisha nikiwapa kijiko wachote wenyewe, wanachota kilima.

Ndani ya bahasha hii nimeweka vikaratasi vitatu vilivyokunjwa, nimeviandika namba. Namba 1 ni chumvi ya nusu kijiko kilichofutwa. Namba 2 ni ya kijiko kimoja cha chai chenye kilima. Namba 3 ni ile aliyochota mkwe wangu usiku ule. Zimimineni kando kwa kando juu ya meza yenu ya habari, kwenye karatasi nyeusi zitaonekana vizuri, kabla ya kuandika ukurasa wa afya wa wiki ijayo.

Wako msomaji,
Muuza chumvi,
Bagamoyo